Kalenda ya watakatifu "imeangaziwa" au "imenakshiwa"?

Msomaji ameniuliza: "Shikamoo mwalimu. Natafsiri maelezo ya picha ya kalenda ya Kilatini ya karne ya 13, imetoka Uingereza, ina dhahabu na rangi kibao. Nimeandika 'mswada ulioangaziwa unaorekodi siku kuu za watakatifu', mwenzangu anasema haijakaa vizuri. Shida iko wapi?"

Marahaba. Mwenzako yuko sawa, na kinachoharibu zaidi ni hilo "ulioangaziwa". Mtu akilisoma anajua kuna mtu kaumulika na tochi, au ni mada imejadiliwa redioni. Ni kweli Wazungu jina la kazi ile ya kupamba vitabu kwa dhahabu wamelitoa kwenye mwanga, maana dhahabu ilipondwa ikawa nyembamba kuliko karatasi, ikabandikwa kwenye kurasa za ngozi ya mnyama ikasuguliwa mpaka ukigeuza ukurasa inang'aa, lakini sisi neno tunalo, nakshi, na hata misahafu ya zamani ya Siyu kule kisiwani Pate iliyoandikwa kwa mkono tunasema imenakshiwa. Andika "kilichonakshiwa kwa dhahabu" basi.

"Mswada" wataalamu wanalitumia kwa maandishi ya kale na siwapingi, ila msomaji wa kawaida anawaza bunge au rasimu ya kitabu ambacho hakijachapwa, wakati hiki ni kitabu kilichokamilika kabisa. "Kitabu kilichoandikwa kwa mkono" kinatosha. Na "kurekodi" waachie watu wa studio, kalenda inaorodhesha.

Sikukuu ni neno moja, halafu hapa nakuomba uwe makini sana: wakatoliki wa leo mmezoea sherehe, sikukuu na kumbukumbu, ngazi tatu, lakini mpangilio huo umekuja na kalenda mpya ya 1969. Kwenye kalenda za zama zile uzito wa siku ulionekana kwa wino, nyekundu au dhahabu kwa siku kubwa na nyeusi kwa za kawaida, kwa hiyo ukimwandikia mtakatifu wa wino mweusi "kumbukumbu" unampa cheo ambacho hakikuwepo. Weka sikukuu kwa wote, wale wa nyekundu ongeza "kubwa".

La mwisho hukuuliza ila kwa vile imetoka Uingereza angalia tarehe 29 Disemba, siku ya Thomas Becket, yule askofu mkuu aliyeuawa ndani ya kanisa kuu la Canterbury 1170 akatangazwa mtakatifu 1173. Mwaka 1538 mfalme Henry VIII aliamuru jina lake litolewe kwenye kalenda zote, wengine wakalikata kwa mstari tu bado linasomeka, wengine wakachukua kisu wakakwangua mpaka ngozi ikachubuka. Ukikuta pamechubuka andika "jina limekwanguliwa", usiandike "limefutika", maana hapo msomaji atadhani ni wino umezeeka wenyewe kumbe kuna mtu alikaa akalitoa kwa makusudi.