Mbwa akinguruma, msimchape

SWALI: Shikamoo daktari. Mbwa wetu ana miaka miwili na hajawahi kung'ata mtu. Juzi alimngurumia mwanangu wa miaka minne aliposogelea sahani yake ya ugali na dagaa. Jirani anasema nimchape kila akinguruma, mpaka aache. Ni sawa? (Mama wa Gungu, Kigoma)

JIBU: Marahaba mama. Usimchape. Swali hili naletewa kila mara, na ushauri wa jirani yako ndio unaonikera kuliko yote. Kunguruma ni lugha: anamwambia mtoto, "Niache nile." Ukimchapa, hofu inabaki palepale; kinachoondoka ni onyo. Siku nyingine atang'ata kimya kimya, nanyi mtasema mbwa kabadilika ghafla.

Habadiliki ghafla. Huko Ujiji, chini ya mwembe, niliona mtoto amemkumbatia mbwa shingoni, wakubwa wanacheka. Mbwa amekakamaa, masikio kayalaza nyuma, anajilamba pua, weupe wa jicho umetokeza pembeni. Hakunguruma, maana fimbo ilishamfundisha kunyamaza. Nilipomwita mtoto, yule mbwa alijikung'uta mwili mzima kama aliyetoka ziwani.

Huyo wako mlishe peke yake, mlango umefungwa. Wewe mtu mzima ukipita karibu, mrushie kipande kitamu zaidi, uende zako. Atazoea kwamba anayekuja hamnyang'anyi. Na usiwaache wawili hao peke yao, hata kwa muda wa kuepua sufuria.

Kuna na hawa wanaouza "dawa ya ukali", ya kumfanya mbwa awe mkali: pilipili kwenye chakula, bangi, mbwa kufungiwa gizani mchana kutwa. Mbwa aliyeteswa hatofautishi mwizi na mtoto wa nyumbani! Watu wa namna hiyo ndio watakaokuambia upake majani yaliyotwangwa au mafuta ya taa kwenye jeraha. Msiwasikilize. Mtoto aking'atwa, hata ukiwa mchubuko tu, osheni kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo akaanzishiwe chanjo. Dalili za kichaa cha mbwa zikishatokea, hakuna tiba. Mbwa achanjwe kila mwaka. Aliyeng'ata msikimbilie kumuua. Mfungieni mahali salama, mtuite, aangaliwe siku 10. Lakini msingoje siku hizo ziishe ndipo mumpeleke mtoto.