Besi, amplifaya na boksi la spika: maswali yenu ya mwezi huu

Sijui Tanga kumetokea nini mwezi huu maana kila meseji ni besi, wapiga solo wamenyamaza na wa kinanda ndo kabisaa. Nimechukua yale yanayojirudia. Yaliyofanana nimeyajibu kwa pamoja, kwahiyo usipoona swali lako tafuta la mwenzako.

SWALI: Shikamoo mjomba. Mi kijana wa Ngamiani, nimejifunzia besi ya kuazima na sasa nimejikusanya nina milioni moja na laki mbili, nataka nikanunue yangu Dar. Kuna muuzaji Kariakoo kanambia nichukue ya nyuzi tano, yenye betri, eti za nyuzi nne zimepitwa na wakati. Napigia taarab ya kisasa kwenye maharusi na dansi kidogo wikendi. Vidole vyangu vifupi. Nishauri nisije nikalia.

JIBU: Marahaba mwanangu. Zimepitwa na wakati kwa nani? Kampuni ya Fender walitoa besi ya Precision mwaka 1951, nyuzi nne, na leo ukienda studio yoyote utaikuta au utakuta mdogo wake wa kuiga. Hapahapa Tanga kina Black Star na Lucky Star walipoingiza gitaa na besi kwenye taarab hawakungoja uzi wa tano.

Ila sitaki nikudanganye, uzi wa tano una kazi yake, na kazi yenyewe inaletwa na mpiga kinanda. Mwimbaji akisema leo koo halipandi, jamaa anabonyeza kitufe cha kushusha, tayari wimbo mzima umekaa kwenye ufunguo wa D au Eb, yeye vidole vyake viko palepale anachekelea, we mwenye nyuzi nne uzi wako wa chini kabisa ni E, huwezi kushuka zaidi, inabidi upande juu na wimbo unakosa kitako. Mwenye nyuzi tano hapo anashuka tu. Ikikutokea mara mojamoja, legeza uzi wa E ufike D, uzoee kupiga hivo, maisha yanaendelea. Ikiwa ni kila harusi basi tano haina ubaya. Lakini jua kwamba ule uzi wa tano ukiupiga wazi unatoa kama hezi 31 (mitetemo kwa sekunde), wakati E ni 41, na spika nyingi za bei yetu zikifika huko zinatikisika tu bila kutoa noti. Utakuwa umelipia uzi ambao watu hawausikii.

Kwa vidole vyako mi ningekupeleka kwenye umbo la Jazz Bass, ilitoka 1960, shingo yake pale juu ni kama milimita 38, Precision ya kawaida inakuwa 41 mpaka 44. Milimita chache hizo mkono unazijua kufika saa sita usiku. Jazz ina pikapu mbili (zile sumaku chini ya nyuzi zinazonasa sauti) na nobu mbili za volyumu, ukifungua moja tu inavuma vuu kama ina nyuki, ukifungua zote sawa mvumo unakufa, kwahiyo usije ukairudisha dukani ukasema mbovu. Ukiona hata hiyo inakutesa zipo fupi za inchi 30 badala ya 34 tulizozoea, na hazina aibu yoyote.

Mambo ya betri: besi yenye betri ya volti 9 inakula betri muda wote jeki ikiwa imechomekwa, hata kama hupigi. Ukimaliza shoo chomoa. Na siku betri ikifa katikati ya wimbo, nyingi zinakoroma alafu kimya, na usiku ule betri ya volti 9 utaitoa wapi, kwa muuza mishkaki? Ya kwanza nunua isiyo na betri.

Pale dukani usianze kupiga mistari ya kuonyesha ufundi. Shika besi, funga jicho moja, chungulia shingo kuanzia kichwani kama fundi seremala anavyochungulia ubao. Inatakiwa iwe na kamkunjo kadogo sana ka mbele, ikijipinda kama parafujo iache hata kama ni bure. Piga kila freti (vile vyuma vya shingoni) kwa kila uzi polepole, sikiliza inapogongagonga. Zungusha nobu zote ikiwa kwenye amplifaya, ikikwaruza ni vumbi au kutu, si ugonjwa wa kuua ila inashusha bei. Tikisa jeki. Alafu tuni, ipige dakika kumi kwa nguvu, angalia kama bado iko kwenye tuni. Muuzaji akikuharakisha toka nje ukanywe soda kwanza.

Na usimalize hela yote kwenye besi! Bakisha ya waya mzuri, mkanda mpana, begi lenye sponji na nyuzi za akiba.

SWALI: Kaka habari. Nina amplifaya ya besi imeandikwa wati 500 na boksi moja la spika la omu 8. Kwenye ukumbi napotea kabisa, drama zinanifunika. Nataka niongeze boksi la pili, fundi mmoja kasema amplifaya itaungua, mwingine kasema ninunue ya wati 800. Nimshike nani?

JIBU: Wa wati 800 mwache kwanza. Zile wati 500 hujawahi kuzipata. Geuza amplifaya, soma kwa nyuma pembeni ya tundu la spika, mara nyingi imeandikwa wati 500 kwa omu 4 (omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme, ikiwa ndogo umeme unapita mwingi). Kwa boksi moja la omu 8 unapata kama nusu tu, juu yake kidogo. Sasa ukiweka boksi la pili nalo la omu 8, yakichomekwa yote kwenye matundu ya amplifaya, 8 gawa kwa 2 ni 4, hapo ndo mashine inafunguka, na juu ya hapo una spika mara mbili za kusukuma upepo. Tofauti utaisikia tumboni.

Fundi aliyesema itaungua anawaza kitu cha kweli ila si kwa hesabu yako. Ungekuwa na boksi la omu 4 ukaongeza lingine la omu 4 ungefika 2, na amplifaya nyingi mwisho wake ni 4, ingechemka ikajizima, au isijizime ndo ukalia. Kwahiyo kabla hujatoa hela angalia kibandiko nyuma ya boksi unalonunua. Kama kimebanduka, muuzaji alipime boksi kwa mita mbele yako, boksi la omu 8 kwenye mita linasoma chini kidogo, 6 hivi, usishtuke.

Alafu wati zinatudanganya sana sisi. Ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), sikio linasema ehe, imepanda kidogo. Ili sikio liseme imekuwa mara mbili unahitaji nguvu kama mara kumi. Toka 500 kwenda 800 ni desibeli 2, watu wa meza ya mbele hawatajua kama umenunua kitu. Ila spika moja na nyingine zinaweza kupishana desibeli 3 au zaidi kwa wati zilezile, ndo maana kila siku nasema hela iende kwenye boksi kwanza.

Waya sasa. Toka amplifaya kwenda boksi tumia waya wa spika, ule mnene wenye njia mbili sawa. Ule wa gitaa ndani una kauzi kembamba kamevalishwa neti, ukiupitishia nguvu ya spika unapata moto na unaweza kuivuruga amplifaya. Najua jeki zinafanana, ndo maana watu wanakosea, wako ufunge seloteipu nyekundu.

SWALI: Naweza kutumia sabufa ya nyumbani kupigia besi? Nakaa Makorora, chumba cha kupanga.

JIBU: Kufanyia mazoezi kwa sauti ya chini, ndio, ukipitisha kwanza kwenye kamiksa kadogo. Ukiipandisha ipigane na drama koili ya spika itaungua, maana muziki wa redioni umeshabanwa vizuri, sauti za ghafla zimepunguzwa, na kidole chako bado hakijabanwa na mtu. Vilevile usichomeke besi kwenye amplifaya ndogo ya gitaa la solo ukaifungua yote, ile karatasi ya spika haikuumbwa kwenda mbele nyuma kiasi hicho. Na mwenye nyumba je, umemuuliza? Hedifoni ni rahisi kuliko kuhama.

SWALI: Bwana Asifiwe. Mimi ni dada napiga besi kwaya yetu huku Muheza. Tumeletewa amplifaya na wageni kutoka Marekani, haijawashwa bado, plagi yake haiingii kwetu. Pia tunayotumia sasa ukigusa nyuzi huku mdomo umegusa maiki inapiga shoti, kijana mmoja kasema tukate mguu wa ethi utaisha. Ni kweli?

JIBU: Amina dada. Msikate! Na msipige tena mpaka fundi wa umeme aje kanisani, namaanisha fundi wa umeme, si fundi redio. Hiyo shoti inasema kuna kimoja kati ya soketi, amplifaya na miksa ambacho ethi yake haipo au imekatika, na umeme unatafuta njia unaiona kwenye mdomo wako. Kukata ethi kunaondoa mvumo wakati mwingine, ndo maana watu wanakuja na ushauri huo, ila unabaki huna kinga, na watu wamekufa jukwaani kwa namna hiyo. Mkishatengeneza, besi na miksa zichomeke kwenye soketi za laini moja ya umeme. Ukibaki mvumo tu bila shoti, nunueni kiboksi cha DI (kinachopeleka sauti ya besi kwenye miksa) chenye kaswichi ka kukata ethi ya sauti, kale hakagusi ethi ya umeme.

Ya Marekani: msiibadilishie plagi mkaiwasha, kwao umeme ni volti 120, kwetu 230, itatoa moshi kabla ya pambio la kwanza. Someni nyuma. Ikiandikwa 100 mpaka 240 ni salama, badilisheni waya tu. Ikiwa na kaswichi ka 115 na 230 kasogezeni 230 kabla ya kuchomeka. Ikiandikwa 120 peke yake mnahitaji transfoma ya kushusha, yenye wati kubwa kuliko zile amplifaya inazokula, zimeandikwa hapohapo nyuma.

SWALI: Kaka, bendi yetu inapata shoo za nje, Raskazone, Pangani kwenye mahoteli ya ufukweni. Ndani ya ukumbi besi yangu inanguruma, nje inakuwa kama redio ya mkulima. Ninunue boksi la inchi 15 au la spika nne za inchi 10? Tunasafiri na noah moja watu saba na vyombo.

JIBU: Hilo swali la mwisho, la noah, ndo ungeanza nalo. Kampuni ya Ampeg walitoa amplifaya ya SVT mwaka 1969, wati 300 za taa za kioo, boksi lake la spika nane za inchi 10 linapita kilo 60, mashine tamu hiyo lakini wale walikuwa na lori na vijana wa kubeba. We ukiliweka kwenye noah inabidi mwimbaji apande daladala.

Nje hakuna ukuta wala dari ya kurudisha sauti, bahari inachukua yote, hata uje na nini jukwaani watu wa nyuma hawatakupata kwa boksi lako. Kazi ya boksi lako nje ni wewe na mpiga drama msikie. Watu wanakusikia kwa muziki mkubwa (zile spika kubwa za kuelekea watu), kwahiyo toa waya kwenye tundu la DI nyuma ya amplifaya, mpe fundi mitambo, na uelewane nae kabla watu hawajaja maana wengi wakiona besi wanakata chini yote ili spika zao zisife. Mwombe apige mkato kuanzia hezi 35 kushuka, hapo hakuna mtu anakosa kitu, kuanzia 80 aache.

Inchi 15 au 10 watu wanabishana mpaka chai inapoa. Ukubwa wa spika peke yake haukwambii italia vipi, boksi lenyewe na spika yenyewe ndo vinaamua, kuna za 10 zinashuka kuliko za 15. Kwa gari lenu ningechukua maboksi mawili madogo yanayofanana, kila moja spika moja ya inchi 12, omu 8 kila moja. Harusi ndogo unabeba moja, shoo kubwa mawili moja juu ya lingine, la juu linakaribia sikio lako badala ya kukupigia magoti. Amplifaya za siku hizi zipo za wati 500 chini ya kilo 3, unaipakata.

Jenereta za hotelini ziangalie, friji likiwaka umeme unashuka na amplifaya inajizima. Omba laini ambayo haina friji wala jiko.

SWALI: Nyuzi zangu zinashika kutu ndani ya mwezi, nakaa karibu na bandari. Kuna ukweli kwamba zikichemshwa zinarudi upya?

JIBU: Chumvi ya hewani ikikutana na jasho la mkono, ndo hivo. Kila ukimaliza zipanguse na kitambaa kikavu, chini yake pia, besi ilale kwenye begi na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu. Kuchemsha kunasaidia zilizojaa uchafu, zinalia tena kwa siku kadhaa, kutu haiondoki. Zifungue mojamoja, dakika kumi kwenye maji yanayochemka, zikaushe kabisa kabla ya kurudisha, na usitumie sufuria la mama.