Binti unayekwenda hosteli, tafuta cha kusingizia

Kila vyuo vinapokaribia kufunguliwa, wajukuu na mabinti wa majirani hupita kwangu kuaga. Huja na orodha zao za ndoo, jagi la umeme, neti na godoro, nami orodha hizo siziongezi kitu. Huwauliza swali moja tu: mtu akikualika usikotaka kwenda, utasingizia nini?

Hucheka. Wanadhani bibi anauliza habari za wavulana peke yake.

Mimi niliingia Makerere mwaka 1959. Siku hizo digrii tuliyosomea ilikuwa ya Chuo Kikuu cha London, ingawa tulikuwa juu ya kilima cha Kampala tunakula matoke. Kutoka Tabora tulipanda treni hadi Mwanza, kisha meli ya ziwani, na wasichana wa Tanganyika tulikuwa wachache mno. Wanawake wa kwanza, sita tu, walipokewa pale mwaka 1945. Mwalimu Nyerere alipoanza masomo yake mwaka 1943 hakumkuta msichana hata mmoja. Kaulimbiu ya chuo enzi hizo iliwataka wanafunzi wawe wanaume, na ikabidi ibadilishwe wanawake walipoingia. Miongoni mwa wanawake wa mwanzo alikuwamo Sarah Nyendwoha, ambaye baadaye aliolewa na mchoraji wetu wa Kichagga, Sam Ntiro. Alitaka kusoma hisabati, mwalimu akakataa kufundisha msichana. Akageukia historia, akaenda kuisoma Oxford na kurudi na digrii yake. Sisi tuliokuja nyuma yake tulikuta njia imekwisha kufyekwa, lakini macho yalikuwa bado yale yale. Ukiingia bwalo la chakula, unajua unatazamwa.

Bweni letu liliitwa Mary Stuart, kwa jina la mke wa Askofu Stuart wa Uganda. Palikuwa na mlezi, na palikuwa na kitabu. Ukitoka jioni unaandika jina lako na unakokwenda, ukirudi unasaini, na mlango una saa yake ya kufungwa. Tulikinung'unikia kitabu kile kama mabinti wote wanavyonung'unikia amri. Kwamba wasichana ndio waliobanwa zaidi, sitetei hata leo.

Ila kitabu kilitufanyia kazi ambayo hatukuiomba. Jumamosi kulikuwa na dansi, na wanaume walikuwa wengi kiasi kwamba msichana mmoja aliweza kupata barua za mwaliko tatu kwa wiki moja, zimeandikwa kwa Kiingereza cha kukariri. Wengine walikuwa watu wazuri, wengine hapana, na ukiwa na miaka ishirini huwezi kuwapambanua kwa mwandiko. Rumba likinoga, mtu akianza kusema twende tukatembee kidogo, ulichotakiwa kusema ni "mlango unafungwa." Basi. Hakuna aliyeona amedharauliwa. Mwenyewe angekusindikiza haraka haraka ili usije ukaandikiwa kosa. Kitabu ndicho kilichokataa, wewe ulibaki binti mwenye adabu.

Leo hosteli nyingi huingii kwa kusaini, na wengi wenu mnapanga geto mtaani ambako mlango ni wako na ufunguo ni wako. Vizuri. Lakini sasa kila hapana inabidi itoke kinywani mwako, usiku, mbele ya mtu anayekubembeleza, na marafiki wanasema unajidai. Hilo ni zito kwa mgeni wa wiki mbili.

Kwa hiyo jitengenezee kitabu chako mapema, wiki ya kwanza, kabla hujaizoea hosteli. Kiwe kitu cha kweli ambacho watu wanakiona. Mjukuu wangu mmoja alijiunga na kwaya inayofanya mazoezi Jumapili alfajiri. Jumamosi usiku ikifika kila mtu anajua huyu lazima alale. Mwenzake alijipangia kumfundisha mtoto wa mama mmoja wa jirani hesabu jioni. Kusema "naumwa kichwa" kunatosha mara moja, mara ya tatu wanakuletea dawa na kukaa kitandani kwako.

Jambo la pili ni mwenzako wa chumba, yule mnayemwita rumeti. Wangu alikuwa Mganda, msomaji wa usiku, na mimi nililelewa kwenye nyumba ambayo taa ikizimwa imezimwa. Hatukugombana kwa sababu siku ile ile ya kufungua masanduku aliniuliza: taa vipi, wageni vipi, vitu vya kuazimana vipi? Mimi niliona ni ukavu, kwetu mtu huanza na habari za nyumbani. Kumbe lilikuwa jambo la busara. Alinunua taa ndogo ya mezani akaielekeza ukutani, mimi nikajifunika khanga usoni, tukaishi. Ninyi ongezeni swali la nne, la kubebana. Rafiki asiye na chumba akija kulala usiku mmoja na kukaa muhula mzima, ugomvi hautakuwa wake, utakuwa wenu wawili.

Kuhusu upweke, mama zenu hawatapenda ninachosema: msipige simu nyumbani kila usiku. Barua zetu zilichukua muda mrefu, na jibu la mama lilipofika kile kilichoniliza nilikuwa nimekisahau. Pigeni Jumapili, mkiwa mmeshiba. Ugonjwa au hatari ni jambo jingine, hapo piga saa yoyote.

Fedha sina mengi. Bumu, yaani fedha za mkopo wa kujikimu, likiingia, lipa chakula cha mwezi kwanza kwa mama ntilie unayemwamini, kisha uone kama nywele zinaweza kusubiri. Kwa kawaida zinaweza. Sisi tulichomana nywele wenyewe kwa kitana cha moto bwenini, masikio yakaungua, na hakuna aliyetukimbia.

Na kufuli nunueni huku huku nyumbani, lenye funguo mbili au tatu. Rumeti msimpe hata mmoja mpaka mmemaliza yale maswali manne.