Nairobi wananunua kwa simu kila siku, sisi Dodoma tunakwama wapi?

SWALI: Habari za kazi. Mdogo wangu anaishi Nairobi, kila kitu anaagiza kwa simu mpaka masufuria. Na mimi nikajaribu, nikaona viatu Insta, nikatuma elfu 35, muuzaji kanibloku palepale. Wenzetu wanafanyaje?
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Pole sana dada, elfu 35 siyo hela ya kuchezea. Ila wewe na mdogo wako mnanunua kwa simu kwa sababu tofauti. Nairobi mtu anakwepa foleni, anaingia maduka ya mtandaoni kama Jumia au Kilimall, analinganisha bei, anasoma walionunua wamesemaje, mzigo anaufuata kituo cha jirani na ukiwa na kasoro anarudisha, yaani kuna kampuni katikati ya kubeba lawama. Huku kwetu Jumia walifunga Novemba 2019, na mtu wa Dodoma wala hakimbii foleni, anachotaka ni Kariakoo bila kupanda basi, zile bei na zile saizi ambazo ukizunguka soko la Majengo lote huzipati. Sasa anayekuuzia ni mtu na simu yake tu, ukitanguliza hela huna tena cha kumbania.

Kwa hiyo muulize duka liko mtaa gani, halafu mtume ndugu aliyeko Dar (nani hana ndugu Dar jamani) akague na alipe hapohapo. Ukikosa wa kumtuma, mwambie apige video kolu akiwa dukani, akigeuze kiatu uone soli na namba. Lipa kwa Lipa Namba ya duka, na kabla hujaweka namba ya siri soma jina linalotokea, likija jina la mtu usiyemwelewa ishia hapo. Mzigo ukipakiwa akutumie picha ya boksi lina jina lako na namba yako, pamoja na risiti ya basi, maana ofisi ya basi ndio watakaokupigia ukachukue stendi. Muuzaji wa kweli hanuni ukimuuliza haya yote, ila yule wa "zimebaki mbili tu tuma sasa hivi" achana naye kabisa hata kama bei inavutia vipi.

Na huyo aliyekubloku usifute namba yake, iripoti kwa meseji kwenda 15040, namba ya kuripoti matapeli, kisha nenda polisi na meseji ya muamala na skrinshoti za chati zenu.