Je, mpira husimama kwa sababu nguvu yake imeisha?

Swali: Ninafundisha fizikia Kidato cha Pili wilayani Rungwe, katika shule isiyo na maabara. Wanafunzi hukariri bila kukosea kanuni ya kwanza ya Newton, kwamba kitu hubaki kimetulia au huendelea na mwendo uleule mnyoofu hadi kisukumwe au kivutwe na kingine, lakini nikiwauliza kwa nini mpira unaoviringika husimama, hujibu kwamba nguvu yake imeisha. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, jibu hilo usilidharau. Kila aliyewahi kusukuma toroli la viazi anajua kwamba akiacha kusukuma litasimama, na wasomi wa Ulaya waliamini jambo linalofanana na hilo kwa karne nyingi kabla ya Newton kuchapisha kanuni zake mwaka 1687. Sehemu ya tatizo imo katika lugha yetu, kwa kuwa neno nguvu hulitumia pia kwa kitu ambacho mtu anacho mwilini na kinaweza kumwishia. Kani, yaani msukumo au mvuto unaozungumziwa katika fizikia, haiko hivyo: hutolewa na kitu kimoja juu ya kingine, na mpira ukishaachana na mguu haubebi tena kani ya mguu. Unachoendelea kuwa nacho ni mwendo, na kinachoupunguza ni msuguano.

Usilieleze hilo kabla hawajaliona. Inamisha ubao juu ya tofali, kisha achia gololi kutoka alama ileile, kwanza ishukie kwenye gunia lililotandazwa, halafu kwenye sakafu ya saruji, mwisho kwenye kioo kilicholazwa. Wapime umbali kila mara, kisha uwaulize ingefika wapi kama msuguano usingekuwepo kabisa. Wape muda wa kubishana. Mimi huona dakika hizo zina faida kuliko ubao mzima wa maelezo.

Baadaye wajaribu na lori linaloshuka Mlima Kitonga, mahali paliponyooka, kwa mwendokasi usiobadilika. Wengi watasema kani inayolivuta kuteremka ni kubwa kuliko ile ya breki, injini na msuguano inayolizuia. La hasha, zinalingana. Zisingelingana, mwendokasi ungebadilika.

Hapo kanuni ya pili huja yenyewe: kani halisi (inayobaki kani zinazopingana zikishapunguzana) ya niutoni 20 ikisukuma toroli la kilo 10, mchapuko, yaani kiasi ambacho mwendokasi huongezeka kila sekunde, ni mita 2 kwa sekunde mraba, na tungamo likiwa kilo 20, mchapuko ni mita 1.

Katika kanuni ya tatu, kwamba kitu kikisukuma kingine nacho husukumwa kwa kani sawa kuelekea upande wa pili, sisitiza kwamba kani hizo mbili zinazolingana hutenda juu ya vitu viwili tofauti, hivyo hazifutani. Mguu husukuma ardhi nyuma, nayo ardhi husukuma mguu mbele. Kwa nini basi masika, kwenye tope, wanateleza badala ya kusonga, watakuambia wenyewe.