Koki ya nje inadondosha hata ukiikaza

Mkuu usinunue koki mpya bado, kama maji yanatoka mdomoni na umeshafunga mpaka mwisho hiyo ni raba ya ndani imekwisha. Funga valvu ya kwenye mita, fungua nati ya juu kwa spana, chomoa kile kijiti utaona raba nyeusi chini imebonyea alama ya duara, weka nyingine saizi ileile. Ila yakivuja shingoni chini ya mpini raba haihusiki, kaza kidogo tu ile nati ndogo ya hapo shingoni. Mi kazi yangu bomba, na wengi wanaoniita raba wameiua wenyewe kwa kukaza kwa hasira. Kabla hujarudisha pitisha kidole kwenye kitako ndani ya koki, yaani pale raba inapokalia, kikiwa kimelika raba mpya haitaziba, hapo badilisha koki nzima, uzi wa koki mpya (ile mikato ya kufungia kwenye bomba) uzungushie tepu nyeupe kufuata upande wa kukazia, na bomba ulishike kwa spana nyingine maana likikatikia ukutani ni kubomoa plasta. Zile za mpini wa robo mzunguko hazina raba hiyo, zikidondosha mara nyingi ni kununua nyingine tu.