Byron Bay bila presha: maswali yenu ya wiki hii

Tunaishi Brisbane, Australia, tuko na watoto wanne na pesa si nyingi. Tukienda Byron Bay, ule mji wa pwani, siku moja tutafanya nini?

Karibuni sana, vitu vizuri vya Byron karibu vyote ni bure, kinachouma ni kulala na parking. Ni masaa mawili hivi kwa gari kwa hiyo tokeni alfajiri, pakini huko chini mjini halafu tembeeni kwa miguu kutoka ufuo wa The Pass, mnapita ufuo wa Wategos, mnapanda ngazi hadi Cape Byron, rasi yenye mnara wa taa. Hapo kuna kibao kinasema mmefika ncha ya mashariki kabisa ya Australia bara, watoto watataka picha, wapeni picha yao. Mnara wenyewe ni mweupe peee, umesimama pale tangu 1901. Mzunguko wote haufiki kilomita nne ila ngazi zipo za kutosha, bebeni maji.

Sasa usikimbilie kushuka. Egemea ile reli utazame maji, pomboo wanakuja karibu mpaka unawaona wanapita ndani ya wimbi kabla halijavunjika, na kuanzia Juni mpaka Oktoba hivi nyangumi wanapita pia, unaona kwanza moshi mweupe wa maji halafu mgongo. Na wala si zamani sana, kati ya 1954 na 1962 mji huu huu ulikuwa na kiwanda cha kuwachinja hao nyangumi. Leo watu wanalipa boti kwenda kuwatazama, mimi naona pale juu panatosha.

Mchana nunueni samaki na chipsi mkae kwenye majani pale Main Beach, ila shakwe wa kule ni vibaka, mtoto asinyanyue chipsi juu akiongea.

Mi mtoto wa Likoni, naogelea tangu nikiwa mdogo. Hizo bendera nyekundu na njano za walinzi wa ufukweni Byron zinanihusu kweli?

Zinakuhusu wewe kuliko wote kaka. Kwetu kuna mwamba huko nje unavunja mawimbi, yanafika ufuoni yamechoka, Byron hakuna kitu kama hicho, bahari inakuja na nguvu zake zote. Na mahali panapoua ndipo panapoonekana pametulia: ukiona njia ya maji meusi meusi haina povu katikati ya mawimbi, huo ni mkondo unaorudi baharini, wenyewe wanauita rip. Ukikubeba usipigane nao kurudi moja kwa moja, utachoka bure, elea, nyoosha mkono juu, walinzi watakuona, ndo maana unatakiwa uogelee kati ya bendera zao. Ukiumwa na bluebottle (yale mayavuyavu ya bluu yenye mkia kama uzi) toa ule uzi, suuza kwa maji ya bahari, halafu loweka kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia. Siki hapana.

Dada yenu navaa hijabu, nitaogelea vipi bila kukodolewa macho?

Vaa burkini yako ushuke majini my dear, burkini yenyewe imebuniwa Sydney na Aheda Zanetti, Waaustralia wameshaizoea. Tena jua la kule ni kali balaa, hao wazungu wenyewe utawakuta wamevaa mikono mirefu. Ukitaka utulivu zaidi nenda Tallow, ufuo mwingine wa huko, ni mrefu na watu wachache, ila tembea tu usiogelee pasipo na mlinzi.

Tunaweza kushusha bia mbili tatu ufukweni jioni?

Hapana, marufuku, na faini ipo. Kaeni baa.

Kwa nini rafiki yangu wa Byron kila saa ananiambia nimechelewa?

Unatoka Brisbane eti? Queensland, jimbo la Brisbane, hawasogezi saa, New South Wales, jimbo la Byron, wanasogeza mbele saa moja kuanzia Jumapili ya kwanza ya Oktoba hadi Jumapili ya kwanza ya Aprili, kwa hiyo ukivuka mpaka tu unapoteza saa nzima. Kama umebuku darasa la sefingi (kuteleza mawimbini kwa ubao) saa tatu asubuhi ya Byron, kwako Brisbane hiyo ni saa mbili.